"Atasema tu" si jibu

Mama anapokuja kuniuliza kwa nini mwanawe wa miaka miwili hajatamka hata neno moja, huwa ameshajibiwa na watu kadhaa kabla yangu. Mwache, atasema tu. Baba yake naye alichelewa. Wavulana ndivyo walivyo. Wote wanasema kwa nia njema, na ndiyo maana inakuwa vigumu kuwakatalia. Lakini mimi ninayeshinda na watoto wadogo darasani, inaniuma kumpokea mtoto wa miaka sita ambaye mama yake alianza kuwa na wasiwasi tangu akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Ni kweli, wapo wanaochelewa kisha wakawafikia wenzao bila msaada wowote. Ila ukimtazama mtoto wa miaka miwili, huwezi kujua kama ndiye huyo. Tukimsaidia ambaye angesema mwenyewe, amepungukiwa nini? Kachezewa na kuzungumzishwa zaidi, basi. Tukimwacha aliyehitaji msaada, miaka inayopita ndiyo ile ambayo ubongo unajengeka kwa kasi kubwa. Mtoto akifika miaka 5, ubongo wake umeshafikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Kwa hiyo mtoto ambaye hajatembea akifika miezi 18, au hajaunganisha maneno mawili akifika miaka 2, apelekwe akapimwe. Aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, huyo asingojeshwe hata kidogo. Na masikio yapimwe mapema kabisa, tafadhali. Nimeona watoto wakiitwa wakaidi, wanafokewa kila siku, kumbe majimaji yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio na sauti zinawafikia kama mtu aliyezama majini.

Kuna kosa jingine, nalo hata sisi walimu tunalifanya: kungoja mpaka ugonjwa upate jina. Usonji? Mtindio wa ubongo? Jina lina faida yake, lakini mtoto hafundishwi jina. Marekani ilipobadili sheria yake mwaka 1986 ili huduma ziwafikie watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 3, kuchelewa kukua kwenyewe kulitosha kumpa mtoto haki ya kuhudumiwa. Naona walikuwa sahihi.

Wala msaada huo si lazima uwe jengo lenye vifaa vya gharama. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin, walimu walikuwa na watoto waliotawanyika vijijini, wasioweza kukusanywa darasa moja. Wakaamua kuwafuata nyumbani mara moja kwa wiki. Mwalimu anamwonyesha mzazi zoezi dogo, mzazi analirudia kila siku mpaka mwalimu arudi. Utaratibu huo umeshasambaa nchi nyingi, na sioni ajabu. Mwalimu ana saa moja. Mzazi ana wiki nzima ya kuoga, kuvaa, kula na kulala.

Nilikaa pembeni siku moja nikimwangalia mtaalamu wa usemi akiwa na mama na kijana wake wa miaka miwili na nusu. Mtoto akitaka maji alikuwa anamvuta mama mkono hadi kwenye kikombe, na mama, kwa kumjua mwanawe, alikuwa anampa kabla hajatoa sauti. Mtaalamu akamwambia: shika kikombe karibu na uso wako, sema "maji" mara moja, kisha nyamaza uhesabu moyoni mpaka tano. Mama alihesabu. Mkono ulikuwa unamtetemeka, nadhani aliona ni ukatili. Alipofika kwenye nne, mtoto akainua macho kutoka kwenye kikombe, akamtazama mama usoni, akasema "ma".

Akapewa maji yake. Akanywa funda moja, akarudisha kikombe kwa mama, akangoja ahesabiwe tena.