Nani amekata tamaa?

Januari nilikwenda Chamwino, mkoani Dodoma, kumsalimia shangazi. Nikamkuta shambani anarudishia mbegu za uwele, mara ya pili msimu huohuo. Mvua ya Desemba ilinyesha siku mbili tatu, miche ikachomoza, kisha mvua ikakata na jua likaimaliza. Nikamwuliza, "Shangazi, hujakata tamaa tu?" Hata kichwa hakuinua. "Iliyokata ni mvua, mwanangu. Mimi nimekata nini?"

Jibu hilo limenikaa. Kiswahili kina kukata kwingi. Maji yakikata Dodoma mjini tunaazimana ndoo. Mtu hukata kiu, hukata shauri, hukata mguu asionekane tena kwako, na siku yake ikifika hukata roho. Wengi huweka kukata tamaa jirani na kukata roho. Mimi naona ni ndugu wa kukata shauri, maana ni jambo mtu analitenda mwenyewe. Ukitaka kumbebesha mwingine lawama lazima ubadili kitenzi: amenikatisha tamaa. Mbegu za msaada zikifika kijijini Februari, watu walizisubiri tangu Novemba, basi kisu kimeshikwa na mtu mwingine, si mkulima.

Na hiyo tamaa yenyewe? Neno la Kiarabu, na kwetu limechafuka: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwenye tamaa tunamwita fisi. Lakini limetoka kwao na sura mbili. Qurani, sura ya 7 aya ya 56, inawaambia waumini wamwombe Mungu kwa hofu na kwa "tamaa", yaani kwa kutumaini. Maana hiyo njema sisi tumeiacha karibu yote kwenye kukata. Ni nadra kumsikia mtu akisema ana tamaa ya mvua. Ila mvua ikigoma, utasikia amekata tamaa. Tamaa hii njema tunaitaja siku ya msiba wake tu!

Waliokata tamaa kwelikweli katika nchi hii kavu wapo. Waingereza walianza mradi wao mkubwa wa karanga Kongwa mwaka 1947, matrekta yakanguruma, udongo ukawa mgumu kama saruji kila kiangazi, na mwaka 1951 wakauacha. Lakini wao walikuwa na kwao pa kurudi.

Shangazi alimaliza mistari minne, akanikabidhi jembe, akaenda kivulini kunywa maji.