Ugonjwa wa Boseman tuliutaja, wa shangazi tukauficha

Jumamosi ya tarehe 29 Agosti 2020, jua halijapanda sawasawa, simu za vijana wa hapa Busia, Uganda, zilikuwa zimejaa picha moja: mwanamume mweusi amekunja mikono msalaba kifuani. Chadwick Boseman, mwigizaji wa Marekani aliyecheza mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, katika filamu ya Black Panther, alikuwa amefariki siku iliyotangulia akiwa na miaka 43. Saratani ya utumbo mpana. Familia yake ilieleza kwamba aligundulika mwaka 2016, ugonjwa ukiwa hatua ya tatu, ukaendelea hadi ya nne, na kwamba filamu zake nyingi za miaka ile alizicheza kati ya upasuaji na kemo. Umma haukujua lolote. Ujumbe huo uliowekwa kwenye ukurasa wake wa Twitter ulipendwa na watu wengi kuliko ujumbe wowote uliokuwa umewahi kuwekwa humo.

Asubuhi ile nilikuwa steji ya boda karibu na soko. Dereva mmoja alikuwa amefunga kitambaa cheusi kwenye kioo cha pikipiki yake, kama tunavyofanya msiba ukiwa wa nyumbani. Filamu yenyewe hakuiona kwa Kiingereza; aliiona katika kibanda cha kuonyeshea filamu, msimulizi, yaani VJ, akiitafsiri kwa Kiluganda na kumpa mfalme wa Wakanda maneno ya mitaa ya Kampala. Vibanda vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, na usiku kulikuwa na kafyu, kwa hiyo pa kukusanyika hapakuwepo. Kilio kikahamia kwenye simu. Hata huko hakikuwa cha bure, kwani kodi ya OTT, shilingi 200 kwa siku, ilikuwa bado inatozwa kwa anayeingia Facebook au WhatsApp.

Mzee mmoja muuza mkaa aliwatazama, akauliza, "Wanangu, huyu marehemu wenu, kuni zake mmepeleka ngapi?"

Swali lile halijanitoka. Kwetu msiba ni kazi. Ukifika matangani hukai tu na huzuni yako. Unapewa jembe ukachimbe, au jerikeni ukateke maji, au unaulizwa mabugo, ule mchango wa rambirambi ambao zamani ulikuwa nguo ya gome la mti ya kumsitiria maiti. Jina lako linaandikwa daftarini, na daftari lile husomwa hata baada ya miaka. Anayemlilia mtu wa mbali haulizwi chochote. Anabadilisha picha ya wasifu, anaandika "pumzika, mfalme", kesho anarudi kwenye mambo yake. Na mwaka ule mazishi ya nyumbani yalikuwa ya watu wachache, barakoa na haraka. Jirani yetu alizikwa asubuhi na mapema katika miezi hiyo hiyo, na baadhi ya wale waliomlilia Boseman hawakupita hata kumpa pole mjane, ingawa uani kwake kulikuwa na nafasi ya kusimama mbalimbali. Hilo siwezi kulitetea.

Hata hivyo sikubaliani na mzee mpaka mwisho. Wapo waliosema vijana walilia kwa kuwa Wakanda ni kama kwetu, na kweli vipo vya kushika: baadhi ya picha za angani za filamu ile zilipigwa Uganda, msitu wa Bwindi na milima ya Rwenzori, Florence Kasumba, mmoja wa walinzi wa mfalme, alizaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya, mwigizaji mwingine wa filamu hiyo, alizaliwa London na wazazi waliotoka Uganda. Ila sidhani kwamba dereva yule alikuwa na habari ya Kasumba. Kilichomshtua ni miaka 43 na kile kifua. Kwa fikra za wengi wetu kansa ni ya wazee, au ya wanawake, au ya mtu aliyerogwa. Haimpati mwanamume anayeruka juu ya magari.

Pale steji nilisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: wanaume wakizungumzia choo chao. Mmoja aliuliza, sauti chini, kama damu anayoiona ni bawasiri au ni hii ya Boseman. Hakuna aliyecheka. Mwenzake akamwambia asikae nayo, akamwone daktari, na akamwambia sawa: damu kinyesini, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, uzito unaopungua wenyewe, hayo si ya kusubiri. Mabango ya afya yamebandikwa ukutani mwa kituo chetu miaka nenda rudi, na sijawahi kuona mtu akisimama kuyasoma. Mfu mmoja wa mbali aliwafungua midomo kwa asubuhi moja.

Hapo ndipo linapokuja suala gumu zaidi, lile la kimya cha Boseman. Wapo waliomlaumu. Wanasema angesema mapema, wangapi wangekwenda kupimwa kwa miaka minne ile! Naelewa hoja hiyo, lakini nadhani inamdai mgonjwa deni asilokopa. Ugonjwa ukishatajwa, jina lako linabadilika, unakuwa "yule wa kansa", na kazi unayoipenda inaanza kupewa wengine kwa huruma. Aprili 2020 Boseman aliweka video mtandaoni akihimiza misaada kwa hospitali. Alikuwa amekonda sana. Watu wakaacha alilokuwa akisema, wakajadili mwili wake, wengine kwa dhihaka.

Kwa sisi tuliokulia Uganda, hilo la kukonda halihitaji maelezo. Miaka ya 1980 UKIMWI wenyewe tuliuita "slim", kwa jinsi ulivyomaliza mwili, na jicho lile la kupima mashavu ya mtu sokoni tunalo mpaka leo. Mgonjwa wa kisukari analipata, wa kifua kikuu analipata, wa kansa analipata. Anayejificha anajificha mbali na jicho hilo.

Lakini Uganda hii hii ilimtoa Philly Lutaaya. Mwanamuziki mkubwa, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani mwaka 1989 akasema hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati hakuna mtu maarufu nchini aliyekuwa amethubutu. Wapo waliosema anadanganya ili auze kanda. Alizunguka mashuleni na makanisani akiongea na kuimba huku mwili ukimwisha, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 38. Waliomwita mwongo walimwona akiisha mbele ya macho yao. Nchi ilijifunza kutoka kwake, na kila nikimfikiria huona pia bei aliyolipa: miezi yake ya mwisho aliitumia kuwathibitishia watu kwamba anakufa kweli. Zawadi ya namna ile mtu huitoa mwenyewe. Hatuna ruhusa ya kumdai mwingine.

Na zawadi hiyo inafanya kazi, ila kwa muda. Jade Goody, msichana wa Uingereza aliyepata umaarufu katika kipindi cha televisheni, alifariki Machi 2009 kwa saratani ya mlango wa kizazi akiwa na miaka 27, baada ya kuugua mbele ya kamera kwa hiari yake. Kati ya katikati ya 2008 na katikati ya 2009 wanawake zaidi ya 400,000 kuliko ilivyotarajiwa walijitokeza kupimwa nchini England. Baadaye wimbi likashuka. Huko, aliyesukumwa na huzuni alikuta mlango wa kupimia uko wazi, na barua ya kumwita ilikuwa inafika nyumbani kwake.

Kwetu huzuni mara nyingi iligeuka mchango. Rosemary Nankabirwa, mtangazaji wa NTV, alipougua kansa watu walichanga ili atibiwe; alifariki Aprili 2015 akiwa Nairobi. Walichanga kwa moyo, na haukuwa mchezo. Mwaka uliofuata, 2016, mashine pekee ya kutibu kansa kwa mionzi nchini, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika kabisa, na nyingine haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Ni katika nchi hiyo hiyo ambapo daktari Denis Burkitt aliueleza ulimwengu kuhusu uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958 akiwa hapo Mulago, na ikawa na taasisi ya saratani tangu 1967. Nyota mmoja tunaweza kumchangia nauli ya Nairobi. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni ya mashine ile hawakuwa na picha ya kubandika.

Sasa niseme la kwetu. Oktoba ya mwaka ule ule wa Boseman alifariki shangazi yangu. Kwa miezi mingi tulikuwa tukisema "tumbo linamsumbua". Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, iliyogunduliwa ikiwa imekwishaenea. Usiku ule baba mdogo alichukua kalamu kuandika tangazo la redio, na akaandika kama linavyoandikwa siku zote: "amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu."

Binti wa marehemu, ambaye picha yake ya wasifu ilikuwa bado ni Boseman, alisoma karatasi ile chini ya taa. Akasema, "Baba mdogo, yule Mmarekani tumetaja mpaka utumbo wake. Mama yangu hana ugonjwa?"

Baba mdogo hakukasirika. Alimwita akae. Akamwambia, "Mwanangu, hapa kuna wasichana wanne hawajaolewa. Watu wakisikia ni ya kizazi watasema mama yenu alikuwa malaya, na nyinyi mnayo damuni." Hayo ndiyo yanayosemwa kweli. Virusi vinavyoleta saratani ile huambukizwa kwa kujamiiana, lakini vinawapata watu wengi mno, hata mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe. Mtaa hauangalii hilo. Alikuwa akiwalinda, na sina jiwe la kumtupia.

Ila ninavyoona mimi, kimya cha shangazi kilikuwa chake, kama cha Boseman kilivyokuwa chake, na aliondoka nacho. Alipofumba macho, kilichobaki kilikuwa kimya chetu, na wasichana wale wanne ndio waliokuwa hatarini zaidi kwacho. Tangu 2015 wasichana wa miaka 10 wanachanjwa nchini dhidi ya virusi hivyo. Hawa walikuwa wameshapita umri huo. Kilichobaki kwao ni kupimwa kile kipimo cha siki, ambapo nesi anapaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama panageuka peupe.

Tangazo lilisomwa saa saba mchana na saa moja usiku, lilivyoandikwa. Kesho yake kaburini, tulikuwa watu kama thelathini na barakoa zetu, binti aliomba kusema. Alishukuru walioleta kuni na maji. Kisha akautaja ugonjwa wa mama yake kwa jina lake lote, akasema mama alianza kutokwa damu miaka miwili nyuma na akadhani ni umri. Baba mdogo alitazama chini. Hakumkatiza.

Tulipokuwa tukirudisha viti vya kuazima, shemeji yangu mmoja, mama wa watoto watano, alimvuta binti yule pembeni ya jiko akamuuliza hicho kipimo cha siki kinafanyika siku gani, na kama mwenye hedhi anaweza kwenda.