Zima injini kwanza, ndipo useme giaboksi

Tulikuwa tumeshaipita Kintinku, mlima wa Saranda uko mbele yetu, gia ya pili ikagoma. Tangu Bahi nilikuwa naisukuma kwa nguvu za bega, nikijipa moyo kwamba ni baridi ya Julai tu, oili ikipata moto itachangamka. Haikuchangamka. Kipanya chetu ni cha zamani, tulikinunua mkononi mwa mtu, na siku hiyo kilimbeba mama, dada yangu na wanawe wawili, pamoja na gunia la mchele wa Bahi. Tulikuwa tunakwenda Singida kwenye arobaini ya mjomba. Mlima ule haupandwi na gari lisilobadili gia. Nikaegesha pembeni, nikatega mawe nyuma ya matairi, nikamtuma kijana wa bodaboda atuletee fundi.

Fundi alikuja haraka, na kwa nia njema. Alishika mkono wa gia, akaujaribu mara mbili injini ikiunguruma, akatikisa kichwa. "Giaboksi hiyo, kaka. Tuishushe tuone ndani."

Moyoni nilikuwa nimeshakubali. Mtu aliyekwama njiani na mama yake garini hukubali jibu lolote analopewa. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa akipita na ng'ombe wake. "Mbukwenyi," akasalimu, na mama akaitikia, wakaanza kuulizana ya nyumbani. Kumbe aliendesha malori miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mifugo. Nilipomwamkia, aliniuliza swali moja: "Marahaba mwanangu. Injini ukiizima, gia inaingia?"

Sikuwa nimejaribu. Fundi naye hakuwa amejaribu. Nikazima, nikaingiza moja, mbili, tatu, nne, tano, rivasi. Zote ziliingia kwa vidole viwili. Nikawasha tena, zikagoma.

"Basi giaboksi haina kosa," mzee akasema. "Klachi yako haiachii."

Jaribio hilo halitaki spana wala shilingi. Kazi ya klachi ni kuitenga injini na giaboksi kwa muda ule unaokanyaga pedali. Isipotenga kabisa, injini huendelea kuizungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi, na gia haziwezi kushikana wakati moja inazungushwa kwa mwendo ambao si wake. Mkono unahisi ugumu, nawe unailaumu gia, kumbe ugonjwa uko mguuni. Ukizima injini hakuna tena kinachozungushwa, gia inaingia. Lakini kama injini imezimwa na gia bado ni ngumu, hapo ndipo pa kutazama vyuma, kebo, bushi na oili, na giaboksi yenyewe iwe ya mwisho.

Mzee akaniambia nipampu pedali mara tatu harakaharaka kisha niingize gia. Ikaingia. Nikatulia kidogo, nikajaribu bila kupampu, ikagoma. Hiyo ni dalili ya hewa kwenye oili ya klachi, au ya raba zilizochoka za masta, zile pampu ndogo za juu na chini zinazopeleka nguvu ya pedali kwenye klachi kwa oili hiyo. Tukafungua kichupa cha oili, kilikuwa karibu kikavu. Fundi akaingia chini, akaifunua raba ya vumbi ya masta ya chini, ile inayofungwa ubavuni mwa giaboksi, na oili ikamchuruzikia kiganjani ikiwa imeshakuwa tope kwa vumbi. Kosa lilikuwa nje kabisa, mahali ambapo mtu analiona akilala chali kwa dakika tano.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu si mara yangu ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo nilikwama Babati kwa ugonjwa uleule, nikasema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba giaboksi imekufa. Ikashushwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Siku tatu za gesti, pesa ya ada ya mtoto ikaishia humo, na gari likatoka na gia ngumu vilevile. Mwisho ilibadilishwa masta ya juu, ile iliyo kwenye pedali, na gia zikalainika. Giaboksi iliyofunguliwa bila sababu haikurudi kuwa ileile. Mpaka leo inavuja sili ya nyuma.

Wengi tukisimulia mambo haya tunawatupia mafundi lawama zote. Mimi siafiki. Tunafika gereji na hukumu mkononi: "Fundi, giaboksi." Tuna haraka, tuna abiria, na zaidi ya yote hatumlipi mtu kwa kuchunguza. Fundi akikaa nusu saa anasikiliza, anapampu pedali, anaingia chini na tochi, kisha akatwambia shida ni raba ndogo ya masta, tunampa ya soda na kuondoka tukijiona wajanja. Akishusha giaboksi ndipo tunakubali kwamba amefanya kazi, kwa sababu tumemwona na grisi hadi viwikoni. Kwa mtindo huo tumewafundisha mafundi wetu washushe kwanza, wafikiri baadaye. Ninaamini kabisa kwamba uchunguzi unapaswa kuwa na bei yake, itajwe kabla gari halijaguswa, na mwenye gari ailipe hata kama kosa litakuwa kapeti.

Na kapeti ni kweli. Limewahi kumkwamisha jirani yangu hapa Dodoma: lilijikunja chini ya pedali, klachi ikawa haifiki mwisho, gia zikawa ngumu wiki nzima.

Kwa wanaotembea na magari ya zamani katika ukanda wetu huu, vumbi nalo ni la kuangaliwa kuliko tunavyodhani. Kwenye vipanya vingi injini iko chini ya viti vya mbele, giaboksi iko nyuma yake, na mkono wa gia unaifikia kwa kebo au vyuma virefu vyenye bushi kwenye viungo. Miezi ya kiangazi vumbi huingia kwenye grisi ya viungo hivyo na kuifanya kama msasa. Bushi zinalika, kebo inakauka ndani ya ganda lake, na gia inakuwa ngumu hata injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja akae juu achezeshe mkono wa gia, mwingine atazame chini: mkono ukienda na kile kiungo cha giaboksi kikachelewa au kikabaki palepale, umeshalipata kosa. Ukikuta gia moja tu ndiyo inayokataa au kukwaruza, zaidi ikiwa ya pili, na nyingine zote ni laini, hapo pete za sinkro, zile zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zimechoka, na giaboksi itakuja kufunguliwa kwa haki.

Oili ya gia ina makosa yake. Kwenye kopo kuna maandishi mawili ambayo wengi hatuyasomi. La kwanza ni uzito, kama 75W-90, 80W-90 au 140. Wapo wanaoipenda 140 kwa kuamini kwamba nzito hulinda zaidi, lakini asubuhi ya Juni au Julai oili hiyo ni kama asali, na gia zitakuwa ngumu mpaka gari litembee kilomita kadhaa. Ugumu unaokwisha gari likipata moto, anza kuuhoji uzito wa oili. Maandishi ya pili ni daraja la oili, GL-4 au GL-5. GL-5 inafaa sana kwenye difu, zile gia zinazozungusha ekseli, lakini kwenye giaboksi nyingi za zamani zenye pete za shaba utelezi wake huzifanya pete zishindwe kushika vizuri, na kemikali zilizomo kwenye baadhi ya oili hizo huweza kuila shaba. Fuata kitabu cha gari, si kilichobaki dukani. Na ukitaka kumwaga oili ya zamani, fungua kwanza nati ya kujazia. Watu wamemwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka, gari likalala hapohapo.

Kwenye kichupa cha klachi weka oili ya breki ya DOT 3, au DOT 4 kama ndivyo kifuniko kinavyosema. Usiweke oili ya injini hata kwa dharura, maana huzivimbisha raba, na pale ambapo kichupa kimoja kinahudumia klachi na breki utakuwa umeziharibu breki pia.

Jambo ninalowaomba madereva wenzangu kuliko yote ni kuacha kulazimisha. Kila mara unaposukuma gia kwa bega wakati klachi haiachii, unazisaga zile pete za sinkro, na shida ya raba unaigeuza kuwa shida ya giaboksi. Mzee wa Kintinku alinionyesha walivyofanya na malori yasiyokuwa na sinkro: unakanyaga klachi, unatoa gia hadi nyutro, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo kama unashuka gia, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Gia huingia zenyewe. Njia hiyo huwasaidia wenye pete zilizochoka kufika mjini, ingawa haimsaidii mwenye klachi isiyoachia. Huyo, kama hana budi kusogea na barabara ni tambarare na tupu, huzima injini, huingiza namba moja, kisha huwasha gari likiwa kwenye gia. Litaruka mbele, kwa hiyo pasiwe na mtu mbele yake.

Bodaboda ilikwenda Manyoni kufuata raba za masta ya chini na chupa ya DOT 3. Iliporudi, fundi alifunga raba, kisha tukatoa hewa, yeye chini na mpwa wangu mkubwa juu ya pedali: kanyaga, shikilia, fundi analegeza nipeli hewa itoke, anakaza, achia. Tulirudia hivyo mpaka oili ikatoka bila mapovu na pedali ikawa na uzito wake.

Mzee alikataa pesa. Mama akamfungia mchele kwenye kipande cha kitenge, huo akaupokea kwa mikono miwili. Fundi nilimlipa kazi yake, kisha nikamwongezea. Akauliza ya nini. Nikamwambia ni ya kuingia chini na kutazama.

Saranda tuliupanda kwa gia ya pili, saa kumi jioni. Singida tulifika usiku. Dua ilikuwa imeshasomwa mchana, watu wametawanyika, na mke wa mjomba amekaa barazani akitusubiri.