Pete ya Mwezi kwa Wasomaji Hamsini

Kuna watu wanaoweka mtandaoni vitu visivyo na soko: buibui aliyeufuma upya utando wake baada ya mvua, neno la kizamani lililojitokeza kwenye barua, siafu waliobadili njia, pete iliyouzunguka mwezi. Wasomaji wao ni thelathini, hamsini, siku ya bahati mia. Hawauzi kitu wala hawatafuti kiki. Na hakosekani mtu mwenye nia njema kabisa wa kuwauliza: sasa faida yake nini?

Swali hilo limebeba madai mawili yanayochanganywa kana kwamba ni moja. La kwanza, kwamba raha ndogo ikianikwa hupoteza ladha. La pili, kwamba kuwaandikia watu hamsini ni kutwanga maji kwenye kinu. Dai la kwanza lina uzito na linastahili jibu la heshima. La pili limejengwa juu ya mazoea ya kuhesabu, hoja yake ni nyembamba.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti ambao wapinzani wa simu huupenda sana. Watu walizungushwa kwenye jumba la makumbusho, wakaambiwa baadhi ya vitu wavipige picha na vingine wavitazame tu. Walipoulizwa kesho yake, vile walivyovitazama walivikumbuka vizuri kuliko vile walivyovipiga picha. Kamera ilikuwa imetazama kwa niaba yao. Kisha mwaka 2018 Alixandra Barasch, Gal Zauberman na Kristin Diehl wakaonyesha kwamba mtu anayepiga picha akijua ataipandisha mtandaoni hulifurahia tukio lenyewe kidogo kuliko anayeipiga ajiwekee mwenyewe. Sababu waliyoitaja haimshangazi yeyote mwenye simu: macho yapo kwenye kitu, akili imeshahamia kwenye "nitaonekanaje?"

Wengi huishia hapo, na ukiishia hapo kesi imekwisha. Ila tafiti zote mbili zina kipande kinachosahaulika. Kwa Henkel, waliovuta picha karibu wakachukua sehemu moja tu ya kitu hawakupata ile hasara ya kumbukumbu. Walikumbuka hata sehemu ambazo hazikuingia kwenye fremu. Na kwa akina Barasch, raha iliyopotea ilitegemea nani ataiona picha. Hadhira ikiwa ya marafiki wa karibu, upungufu ulikuwa mdogo kuliko ikiwa kundi pana la watu wa kujuana juujuu.

Hapo ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu mjadala mzima umejificha humo. Kinachoila raha si kitendo cha kuwaonyesha wengine. Ni umbali wa hao wengine. Unapomfahamu atakayesoma, hujipambi. Unamwambia tu "angalia hiki". Tusilibebeshe tokeo hilo mzigo uliolizidi, maana watafiti walilinganisha marafiki na watu wa kujuana, hawakupima wasomaji hamsini wa jarida dogo la barua pepe. Hamsini wanaweza kuwa wageni watupu. Lakini mtu anayepokea jibu kutoka kwa watu wale wale mwezi baada ya mwezi, akajua huyu hupenda wadudu na yule husahihisha tahajia, ameshauvuka mstari kutoka hadhira kwenda watu. Wenye wasomaji laki moja hawana njia ya kuuvuka hata wakitaka, kwani siku haina saa za kutosha.

Tuone jinsi hilo linavyobadili kazi yenyewe. Anayeuandikia umati kuhusu pete ya mwezi ataandika "Mwezi wa leo jamani!", ataweka doa jeupe kwenye giza, ataondoka. Doa linatokea kwa sababu simu hupima mwanga kwa kuangalia giza lote, ikauunguza mwezi na kuifuta pete. Anayemwandikia msomaji atakayeuliza "kubwa kiasi gani?" hulazimika kufanya zaidi. Atasimama mahali ambapo ukingo wa paa au nguzo inauziba mwezi wenyewe, ataegemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, atawasha hali ya usiku, atagusa skrini palipo na pete na kuiacha sekunde tatu bila kuishika. Kisha atapima kwa mkono: mkono umenyooshwa, dole gumba juu ya mwezi, kidole cha mwisho kikifika karibu na pete. Shubiri ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi 20 za pembe angani, na pete ya kawaida ina nusukipenyo cha nyuzi 22, kwa kuwa mwanga hupinda ndani ya fuwele za barafu zenye pembe sita kwenye mawingu membamba ya juu. Duara likiwa dogo, limeukumbatia mwezi na lina wekundu wa kahawia ukingoni, hilo ni jambo jingine kabisa: ni korona, kazi ya matone madogo ya maji. Wengi huyachanganya hayo mawili.

Mtu aliyefanya hivyo hakuibiwa mwezi wake. Ameutazama robo saa badala ya sekunde tano, na aliyemlazimisha ni msomaji mmoja mwenye maswali.

Jambo hili ni la zamani kuliko intaneti. Gilbert White, mchungaji wa kijiji cha Selborne, Uingereza, alitumia miaka mingi ya karne ya 18 kuwaandikia watu wawili barua kuhusu mambo kama sauti za ndege na mwenendo wa kobe. Kwa kusikiliza nyimbo zao aliwatenganisha ndege watatu wadogo wanaofanana sana. Barua zile zilikuja kuwa kitabu mwaka 1789, na bado kinasomwa. Lakini usahihi wake ulitokana na wale wawili, walioweza kumuuliza na kumbishia. Wasomaji wa baadaye waliukuta umeshakamilika.

Sasa hilo dai la kutwanga maji. Chukua orodha ya barua pepe yenye watu 50, na kila mmoja ana nafasi ya asilimia 40 ya kufungua. Wastani ni wasomaji 20. Kwa hesabu ya kawaida ya bahati nasibu, kutoka 13 hadi 27 ni mtikisiko wa kawaida usiomaanisha chochote. Mwandishi anaona 24 wiki hii na 15 wiki ijayo, anakata tamaa, anabadili mada, kumbe watu walikuwa safarini. Juu ya hapo, tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za ujumbe kabla mwenyewe hajausoma, na kupakuliwa huko ndiko kunakohesabiwa kuwa kufungua, hivyo "imefunguliwa" hesabuni huenda haikufunguliwa na mtu. Kwa kundi dogo, takwimu za kufungua hazina kazi ila kuumiza. Zizime. Hesabu majibu: watu watatu wakijibu kati ya 50 ni asilimia 6, kiwango ambacho kurasa kubwa hazikioti.

Udogo una hatari zake pia, na watetezi wake huzipitia haraka mno. Kubwa ni kudhani kwamba wachache maana yake ni siri. Picha ya kiota ikipelekwa na mtu mmoja kati ya hamsini kwenye kundi jingine, imeshatoka mkononi, na picha nyingi za simu hubeba mahali ilipopigwa ndani ya faili. Baadhi ya huduma hufuta taarifa hizo, nyingine huziacha. Usitegemee, zima mahali kwenye mipangilio ya kamera au zifute kabla ya kutuma. Mtandao wa iNaturalist, unaokusanya picha za viumbe, huficha wenyewe mahali halisi pa spishi zilizo hatarini kwa kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la nyuzi 0.2 za latitudo kwa 0.2 za longitudo, ambalo karibu na ikweta ni kama kilomita 22 kila upande. Hicho ni kipimo kizuri cha kuiga. Taja aina ya mazingira, mwezi wa mwaka, saa. Mti wenyewe usiutaje.

Hatari ya pili ni ahadi. "Jambo moja zuri kila siku" hudumu wiki tatu, kisha mwandishi anaanza kuwinda furaha kama mtu aliyepoteza funguo, na wasomaji wanaisikia harufu ya kulazimisha hata kabla yake. Afadhali kukaa na akiba ya maandishi matano au sita yasiyo na haraka na kutuma moja linapoiva. Kimya cha wiki mbili hakimpotezi msomaji wa aina hii. Kumpa kitu hafifu ili kutimiza ratiba kutampoteza.

Ya tatu ni kupotea. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikuweza kufikiwa muongo mmoja baadaye. GeoCities, makao ya kurasa binafsi zisizo na idadi, ilifungwa na Yahoo mwaka 2009. Ukurasa wa watu milioni ukifa, kuna mtu mahali fulani amehifadhi nakala. Wa watu hamsini hauna bahati hiyo, na hili ndilo tofauti halisi ya kuwa mdogo. Dawa yake ni ya dakika tano: hifadhi maandishi kama faili la kawaida la matini lenye tarehe mwanzoni mwa jina, mwaka kwanza, ili yajipange yenyewe, weka picha kwenye folda hiyo hiyo, kisha ingiza anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine, hifadhi ya mtandaoni ya nakala za kurasa, uiombe iweke nakala.

Na wapo ambao hayo yote hayawahusu. Anayetaka kula kwa kalamu yake anahitaji umati, au angalau watu wengi wa kulipa, na kwake hesabu ya wasomaji ni hesabu halali ya biashara. Kumwambia aridhike na hamsini ni kumkejeli. Tatizo linaanza pale kipimo chake kinapochukuliwa na kumpima yule aliyetaka tu kuwaambia watu anaowafahamu kwamba saa tatu usiku kulikuwa na pete, upana wake shubiri moja kila upande wa mwezi, kisha akangoja aone nani mwingine alitoka nje kuangalia.