Murabaha si riba iliyovishwa kanzu

Benki za Kiislamu hulaumiwa kwa jambo moja, iwe Mombasa, Unguja au Dar es Salaam: faida wanayotoza kwenye murabaha, yaani kununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu alipe kidogo kidogo, inakaribiana na riba ya benki za kawaida, kwa hiyo kilichobadilika ni jina tu. Kihesabu, lawama hiyo ina ukweli. Benki nyingi hupanga faida huku zikiangalia riba ya soko, na rejesho la mwezi hutofautiana kidogo.

Ila anayeishia kwenye rejesho hajausoma mkataba. Tuseme mteja anataka bajaji ya shilingi milioni 10. Katika murabaha benki haimkopeshi fedha. Inainunua bajaji yenyewe, kisha inamuuzia kwa milioni 12, laki tano kila mwezi kwa miaka miwili, na inamwambia wazi kuwa milioni 2 ni faida yake. Bajaji ikiibwa kabla hajauziwa, hasara ni ya benki. Hata ikiimiliki kwa siku moja, imeibeba hatari, na hapo ndipo faida inapopata uhalali, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuuza asichokuwa nacho.

Baada ya hapo milioni 12 inabaki milioni 12. Dereva akilazwa miezi mitatu, deni halizai. Benki inaweza kumtoza faini mwenye uwezo anayechelewesha makusudi, lakini faini hiyo hutolewa sadaka, haiingii kwenye mapato yake. Mwenye dhiki, Qurani (2:280) inaagiza apewe muda. Aliyewahi kuona riba ikipanda juu ya deni lililomshinda kulipa anajua kwamba hilo si suala la jina.

Hoja ya wakosoaji ninayoikubali ni tawaruku. Hapo mteja anatafuta fedha taslimu. Benki inamuuzia madini kwa mkopo, kisha inamsaidia kuyauza papo hapo, naye hayaoni kamwe. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikataa utaratibu huo mwaka 2009, na sioni lilivyokosea.

Lakini dhambi ya tawaruku isibebeshwe murabaha, ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe. Aombe ankara ya duka, aone kama mnunuzi ni benki na kama benki ilinunua kabla ya mkataba wa mauzo kusainiwa. Kama mkataba ulitangulia, benki imeuza isichomiliki, na malalamiko hayo yanastahili kufika mbele ya bodi yake ya sharia.