Hii Nyumba Alikupaulia Fundi Gani?

Naandika haya nimekaa pembe ya kushoto ya kochi, maana pembe ya kulia pana beseni. Mezani pana sufuria ya pilau, pilau lenyewe hakuna. Masika yameingia huku kwetu Moshono, Arusha, na wale wa hali ya hewa wasihangaike kunitumia ujumbe, sebule yangu hupata taarifa kabla yao.

Lakini kilichoniudhi leo si mvua. Mvua ni ya Mungu, na kule Ngaramtoni kuna watu wamepanda mahindi wanaiombea. Kilichoniudhi ni karatasi niliyoletewa asubuhi ndani ya bahasha ya kaki, imegongwa muhuri wa bluu mpaka pembeni: MAKADIRIO YA GHARAMA ZA UKARABATI WA PAA. Jumla shilingi 2,850,000. Bati sita! Mama Neema aliisoma yote kimya, akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya beseni lisiyumbe. Ndiyo kazi pekee ambayo karatasi ile imefanya hadi sasa.

Mtanielewa. Nilipostaafu kikokotoo cha pensheni kikanikokotoa, kilichobaki nikapaulia. Na nilinunua bati geji 28, risiti ninayo, nimeitia nailoni. Nasema hivi kwa sababu kila anayeinua shingo kutazama paa langu anaanza na, "Mzee, hizi si geji 32 kweli?" Mwanangu, mimi nimekuwa afisa ugavi mpaka nikapata mvi stoo. Najua namba ikipanda bati linakonda. Hiyo 32 unaweza kuikunja ukaingia nayo kwenye kifodi na konda asikudai nauli ya mzigo. Hizi zangu nilizisindikiza mwenyewe kwenye kirikuu, nimezikalia, foleni ya Kijenge yote jua la utosi. Bati ni zima. Tatizo bati halijipigilii.

Nimeshahangaika na mafundi wa mtaa. Kuna yule wa "nipo njiani mzee, ndiyo napita Kilombero hapa," huku nyuma nasikia mkewe anamuuliza kama chai anataka ya rangi au ya maziwa. Kuna aliyechukua hela ya silikoni, akaenda kuinunua, na nadhani bado ananunua. Shemeji yangu yeye alishauri lami. Huyu bwana hushauri lami kwa kila kitu, aliwahi kuishauri kwa jino.

Nikasema basi, safari hii sitaki fundi Maiko wa kubahatisha, nataka mtu mwenye usajili. Nchi hii ina sheria ya usajili wa makandarasi tangu 1997, ina Bodi yake, na makandarasi wa majengo wamepangwa madaraja saba. La kwanza ndio wale wakubwa wa maghorofa, unashuka hivyo hivyo mpaka la saba, wadogo wadogo. Nikamweleza mama mkwe kwenye simu kwamba kwa paa langu natafuta wa la saba. Akanyamaza. Halafu akasema kwa huruma kabisa, "Jamani, baba Neema, hata wa fomu foo umemkosa?"

Neema akaingia kwenye simu yake, akanitafutia majina kwenye orodha ya Bodi. Nikampigia mmoja. Mtu mstaarabu, nyuma yake kijiko cha kuchimbia udongo kinanguruma.

"Jengo lina ukubwa gani, mzee?"

"La kawaida. Panapovuja ni juu ya kochi."

"Mita za mraba ngapi?"

"Kochi la watu watatu."

Akaniambia atanirudia. Simlaumu. Mwenye kijiko anasubiri tenda za serikali kwenye NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, ajenge madarasa, alipwe siku moja Mungu akipenda. Aache hayo aje kuziba juu ya kochi la mstaafu? Lakini sasa sisi wa makochi twende wapi? Mwenye usajili hanitaki, anayenitaka hana usajili. Hapo katikati ndipo alipoingia Mkurugenzi.

Huyu tulimpata kwenye kibao kilichopigiliwa kwenye mjakaranda njia ya kwenda mjini: KUPAUA, GATA, DARI, TUNA LESENI. Nilivutwa na hilo neno la mwisho. Akaja. Shati jeupe, kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa, kofia ngumu kichwani, faili kwapani. Sisi tuliozoea fundi wa ndala na msumeno uliofungwa na gazeti, mioyo ilitulia. Mama Neema akakimbilia jikoni kutia tangawizi kwenye chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Sisi kama kampuni tumefurahi sana kwa imani uliyotuonyesha."

Nikachungulia nyuma yake niione kampuni. Geti lilikuwa limeshafungwa.

Akasimama uani, mikono kiunoni, akaangalia juu. Akaangalia muda mrefu. Akapiga mluzi mmoja mrefu wa msiba, akatikisa kichwa, kisha akatoa ile sentensi ambayo mafundi wote wa nchi hii wanafundishwa kabla ya kushikishwa nyundo: "Mzee, hii nyumba alikupaulia fundi gani?"

Nikamwambia jina limenitoka, namkumbuka kwa kuwa aliondoka na nyundo yangu.

"Yule si fundi. Yule ni muuaji." Akanivuta mkono mpaka nyuma ya choo ambako paa linashuka, tukaliona vizuri. Na hapa nimpe haki yake, alichosema ni kweli tupu. "Unaona bati lina mgongo na bonde? Msumari unapigwa mgongoni, maji yapite bondeni kwa raha zake. Huyu kapiga bondeni! Kila msumari ni kisima! Na kofia hii ya paa hapa hakuipandisha juu ya mwenzake, ameigusanisha tu. Watu wa namna hii ndio wanaotuharibia sekta, mzee. Wangefungwa."

Nilifurahi, jamani. Ukiwa umedharauliwa na geji yako muda mrefu, ukimpata mtu wa kumlaani fundi pamoja nawe unajisikia umepata ndugu. Tukaingia ndani tukalaani zaidi kwa chai na maandazi. Hapo ndipo nilipoomba kuona hiyo leseni.

Akafungua faili. Cheti cha BRELA cha kusajili kampuni, kimetiwa plastiki. Namba ya mlipakodi, imetiwa plastiki. Leseni ya biashara, plastiki. Nikavaa miwani. Unajua mtu wa ugavi hasomi karatasi juu juu, anaanzia chini kwenye maandishi madogo. Pale kwenye aina ya biashara pameandikwa: uuzaji wa vifaa vya ujenzi, rejareja.

"Hii ni ya kuuza misumari," nikasema. "Ya kuipiga iko wapi?"

"Mzee, anayeiuza atashindwaje kuipiga?"

"Na usajili wa Bodi ya Makandarasi?"

Akaweka kikombe chini, akakaa vizuri. "Bodi tupo hatua za mwisho kabisa. Kila kitu tunacho. Ofisi tunayo, muhuri tunao, akaunti ya benki, vizibao. Tumebakiza kitu kimoja tu kidogo."

"Kipi?"

"Mtaalamu."

"Mtaalamu wa nini?"

"Wa ujenzi. Wanataka kampuni iwe na mtu aliyesomea. Ndiyo tunamtafuta."

Ningekuwa kwenye umri wa kupanda hasira ningempandia. Lakini mawingu yalikuwa yameshaufunika Meru, andazi la tatu alikuwa nalo mdomoni, na mama Neema ananikonyeza kwamba mgeni hafukuzwi anatafuna. Nikakubali alete "timu" ije ikague kabla hajaandika bei.

Timu ikaja kesho yake. Kwanza haikuwa na ngazi, ikaazima yangu. Vijana wawili na mtu mzima mmoja aliyevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Nina mbwa, anaitwa Simba, mbwa ambaye mimi mwenyewe nikichelewa kurudi kwenye kikao cha harusi hunibwekea mpaka nijitambulishe. Simba alimwendea yule mtu mzima, akamlamba viganja, akalala chali.

"Amenenepa," yule mtu akasema. Kisha akagundua amesema kwa sauti.

Tukatazamana. Nikashusha macho kiunoni kwake, na pale kwenye mkanda, mpini mwekundu uliozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, umechongwa herufi zangu mbili kwa kisu. Nyundo yangu! Niliupaka mpini ule rangi mwenyewe, rangi iliyobaki kwenye geti.

Kabla sijafungua kinywa ameshapanda ngazi. Nikaamua kukaa kimya. Nilivuta kiti, nikaita mama Neema, nikamwambia njoo ukae hapa kuna jambo. Mkurugenzi hajui lolote, yuko chini, kofia kichwani, sauti ya kuhutubia.

"Mtaarifu mzee unaona nini huko juu!"

Kimya.

"Misumari iko wapi, mgongoni au bondeni?"

"Bondeni," ikajibu sauti ndogo.

"Sema mzee asikie! Mtu anayepiga msumari bondeni ni mtu wa namna gani?"

Bati likalia kidogo, mtu anahamisha uzito wa mguu. Halafu: "Ni mtu aliyelipwa nusu, bosi."

Mama Neema alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Hakucheka upande wangu. Na mimi niseme hapa hapa, mbele ya kadamnasi, nilimlipa nusu kwa kuwa alimaliza nusu! Kofia hakumaliza, gata hakugusa, alisema anakwenda msibani Mbulu, na msiba wenyewe ulikwenda na nyundo yangu. Sasa nani alimpunja nani? Lakini nyumba hii ukipiga kura nashindwa.

Basi ndiyo ikaja hiyo bahasha. Nimesoma nyaraka nyingi maishani, hii imenishinda. "Kuhamishia mitambo eneo la kazi, 350,000." Mitambo ni ngazi, na ngazi ni yangu, imehama kutoka nyuma ya banda la kuku. "Usalama kazini, 150,000." Ni ile kofia, na aliyeivaa hakupanda hata tofali moja. "Marekebisho ya kasoro za fundi aliyetangulia, 600,000," na anayekuja kuzirekebisha ni yeye huyo aliyetangulia. Kushuka chini kidogo: "Kuziba nyufa za mnara wa kengele, 400,000." Nikaenda nje nikaangalia. Sina mnara. Nikapiga simu.

"Ah, samahani mzee, hiyo ilikuwa ya kanisa moja kule Kibosho, imenakiliwa kimakosa. Tutaipunguza."

Tutaipunguza! Jamani, mimi sina kengele. Unapunguza mnara usiokuwepo ubaki mfupi?

Hapa ndipo ninapochoka kweli, bila utani. Mtu umejibana maisha yote. Tofali ulinunua kwa mafungu, saruji ikapanda ukasubiri, nyumba ikaota majani ukasema tutafika. Umefika, umepaua, umehamia, unalala na beseni. Na hakuna wa kumshitaki, kwa sababu yule fundi sikuandikishana naye, na huyu wa kuandikishana anauza misumari rejareja. Wanasema hakiki kwenye orodha ya Bodi. Nimehakiki! Orodha ni nzuri, majina yapo, ni kochi langu ndilo halina hadhi ya kuingia kwenye tenda.

Jioni hii fundi wangu kapita peke yake, kupitia uzio wa nyuma, Simba hata hakubweka. "Mzee, kampuni tuiache. Nipe laki na hamsini na misumari ya bati yenye mpira, nang'oa ile ya zamani, nahamishia mgongoni, matundu naziba. Nimeshajua kosa liko wapi." Utaacha kulijua? Nikamwambia anirudishie kwanza nyundo. Akasema nyundo atakuja nayo siku ya kazi, vinginevyo atapigia nini?

Mama Neema anataka tumpe. Anasema angalau huyu anaijua njia ya kupanda. Mimi nimesema nitafikiri, maana kichwa cha familia lazima aonekane anafikiri.

Jirani yangu Mmachame ananicheka tangu juzi kwa sababu yeye alijenga la kisasa, paa la kujificha, ukuta umelizunguka juu, kutoka barabarani unadhani nyumba haina bati. Leo kimya. Majani ya mjakaranda yameziba tundu la kutolea maji, na maji yakikosa njia huko juu hayana mwenyewe, yanatafuta dari. Jipsamu yake imepata kitambi. Nimempelekea sufuria, ile ndogo.

Na juu ya hayo mama mkwe anakuja Pasaka kutoka Rombo, amesema atalala chumba cha karibu na sebule ili asikie misa ya redio vizuri. Amesema pia anakuja na mkungu wa ndizi. Nani ataupokea stendi? Mimi. Na wale vijana wa boda nimeshawajua, mwaka jana walinitoza elfu mbili mimi na elfu tatu mkungu, nikauliza kwa nini, nikaambiwa mzee wewe unashuka mwenyewe.