Dawa za majani za kupaka: kuua bakteria kwenye kisahani sio kutibu ngozi

Ikitajwa tu dawa ya majani ya kupaka kwenye ngozi watu wanagawanyika hapohapo, wa huku wanasema wazee wametumia miaka na miaka na watu walipona, maabara ya nini tena, na wa kule wanasema hizo ni imani tu nenda hospitali. Mi naona pande zote zina hoja na zote zinakwepa swali lenyewe, yaani mmea umepimwaje.

Vipimo vingi vinaishia hivi: majani yanakaushwa, yanasagwa, yanalowekwa kwenye spiriti au maji, kinachochujwa kinadondoshewa kwenye kikaratasi kidogo cha duara, kinawekwa juu ya kisahani cha maabara chenye bakteria na kuachwa usiku kucha kwenye joto kama la mwili. Asubuhi kukiwa na duara safi kuzunguka kikaratasi wanapima milimita, na hapo ndo utasikia mmea unatibu ngozi. Jamani hapana. Spiriti peke yake inaua vijidudu, kwahiyo lazima pawe na kikaratasi kingine chenye spiriti tupu cha kulinganishia, halafu kisahani hakina ngozi, na tabaka la juu la ngozi kazi yake ni kuzuia vitu visipite, molekuli kubwa zinaishia nje. Tena pumu ya ngozi (eczema) sio ugonjwa wa bakteria peke yake, kuna mwasho na kinga ya mwili inayojichanganya, kisahani hakikuonyeshi hayo.

Ila wanaosema majani hayana kitu nao wamekosea. Mwaka 1990 huko Australia walitoa majibu ya utafiti wa watu 124 wenye chunusi, wengine walipaka jeli ya asilimia 5 ya mafuta ya Melaleuca alternifolia (mti unaoitwa tea tree, sio chai ya kunywa) na wengine benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya kawaida ya chunusi, na chunusi zilipungua pande zote mbili. Mafuta ya mmea yalichelewa kuonyesha kazi lakini yaliwasumbua watu kidogo zaidi. Kasoro yake kwangu ni kwamba hakukuwa na kundi la kupaka jeli tupu, na chunusi zina tabia ya kupungua zenyewe. Pia wapo wanaosema mpaka utenge kemikali moja kutoka kwenye mmea ndo iwe dawa, hoja hiyo ilishajibiwa mwaka 2006, Marekani ilipokubali mafuta ya kupaka ya majani ya chai kwa masundosundo ya sehemu za siri, na yale ni mchanganyiko wa kemikali nyingi za jani, sio moja.

Kinachonisumbua zaidi ni neno asili kugeuzwa cheti cha usalama. Mimea nayo inaleta aleji, mingine ukiipaka ukakaa juani inakuunguza ngozi. Na kuna uchakachuaji, mwaka 1999 madaktari Uingereza walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wanapaka wagonjwa wa ngozi, 8 zikakutwa na deksamethasoni ambayo ni steroidi kali, yaani dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe na mwasho, nyingine walikuwa wanapakwa watoto usoni. Mzazi anaona ngozi inalainika anasifia majani, kumbe kinachofanya kazi ni steroidi, na ikitumika muda mrefu inafanya ngozi iwe nyembamba.

Watu wanasema majaribio kwa binadamu ni gharama, kweli, ila kwa magonjwa kama pumu ya ngozi iliyotoka mikono yote miwili sawasawa, mgonjwa mmoja anaweza kupaka krimu yenye mmea mkono wa kushoto na krimu ileile isiyo na mmea mkono wa kulia, yeye na anayekagua wote wasijue ipi ni ipi. Hiyo krimu tupu ndo ya muhimu maana mafuta tu yanapunguza ukavu na mwasho, na bila kuitoa kwenye hesabu mmea utasifiwa kwa kazi ya mafuta. Kwa upele unaotambaa mwili mzima haifai, ila kwa mabaka yaliyotulia naona ndo pa kuanzia.